Mfalme Akishashinda, Nani Analipa?

Vitabu vitano vya George R. R. Martin, vilivyotoka kwa Kiingereza kati ya 1996 na 2011, vilipofasiriwa kwa Kifaransa vilikatwakatwa vikawa juzuu 15. Vitabu sita vya Robin Hobb vinavyosimulia maisha ya Fitz, mtoto wa nje ya ndoa wa mrithi wa ufalme, vikawa 13. Baadaye wachapishaji walivikusanya tena katika matoleo manene, lakini zile juzuu nyembamba za zamani bado zinazunguka mikononi mwa watu, na msomaji wa mji kama Lubumbashi, ambaye riwaya za fantasia huzisoma kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha aliyosomea, huenda akakutana nazo hivyo hivyo, vipande vipande: juzuu ya saba ipo, ya kwanza haipo, ya nane haijulikani iliko. Fedha ya kitabu hutoka katika mfuko ule ule wa unga wa bukari na nauli ya kwenda kazini. Mtu wa namna hiyo hawezi kusoma ovyo. Anapoanza mfululizo wa juzuu nyingi anaweka rehani miezi ya maisha yake, na akikuta katikati ya safari kwamba hadithi haina kitu, hakuna atakayemrudishia miezi hiyo.

Kwa hiyo namtetea msomaji mteuzi. Ila naona wateuzi wengi wanachagua kwa kipimo kisichofaa. Wanauliza kama dunia ya riwaya ni kubwa, kama ramani ya mwanzoni ina mito na milima ya kutosha, kama kanuni za nguvu za ajabu zimepangwa vizuri, kama juzuu ni nyingi. Kipimo ninachokiamini kinatoka karibu zaidi, katika tendi zilizosimuliwa katika nchi hii ya Kongo kabla ya Lubumbashi kuanzishwa kwa jina la Elisabethville mwaka 1910, na swali lake ni moja: mtu akipata nguvu kubwa, bei yake inalipwa na nani? Riwaya inayolijibu swali hilo kwa uaminifu inastahili miezi ya msomaji. Inayolikwepa haistahili, hata ikiwa na majoka 100.

Najua Kiswahili chenyewe hakimpendi mteuzi. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwamba mchagua jembe si mkulima. Wapenzi wakongwe wa fantasia wana toleo lao la onyo hilo: usikiache kitabu mapema, vumilia kurasa 300 za kwanza, dunia ikishajengwa utafurahi. Sikubaliani nao. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa misitu ya Kivu, msikilizaji haombwi kuvumilia chochote. Mara tu hadithi inapoanza, mtemi Shemwindo anawatangazia wake zake saba kwamba watazaa mabinti tu, na atakayezaa mwana wa kiume mwanawe atauawa. Amri moja, na tayari tunamjua mtawala, tunaijua hofu yake, tunajua nani atadhulumiwa. Msimulizi wake, Shé-Kárisi Rureke, alimsimulia Daniel Biebuyck utendi huo mwaka 1956 kwa muda wa siku 12, akiimba, akicheza, akisaidiwa na wapiga ngoma, na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Siku 12 si hadithi fupi. Lakini mtu aliyetakiwa kuwaweka watu macho siku 12 hangethubutu kuwaahidi kwamba utamu utaanza siku ya tano.

Tuanze na Kalala Ilunga, shujaa wa Waluba, kwa sababu ndiye wa Katanga. Nkongolo Mwamba, mtawala mkatili ambaye masimulizi ya Waluba yanamhusisha na nyoka wa upinde wa mvua, anatembelewa na Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, mtu wa adabu za kifalme asiyekula mbele ya watu. Mbidi anawaoa dada za Nkongolo, kisha anaondoka, na mmoja wao, Bulanda, anamzaa Kalala Ilunga. Kijana anakua hodari vitani, anashinda kwa niaba ya mjomba wake, na sifa zake ndizo zinazomponza. Nkongolo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani yake, analifunika kwa mkeka na kumwalika mpwa wake aje acheze ngoma mbele ya watu. Hapa ndipo utendi unapoonyesha ustadi wake. Upanga wa ajabu haumwokoi Kalala, wala damu ya kifalme haimwokoi. Mijibu, mganga aliye upande wake, anamwonya kupitia mlio wa ngoma, na Kalala, ambaye anajua kuisikiliza ngoma, anacheza akiwa anaijaribu ardhi kwa mkuki wake mpaka unazama. Kisha anaruka na kukimbia, akivuka mto kuelekea kwa baba yake. Hatimaye atarudi na jeshi, na Nkongolo atakatwa kichwa. Lakini alinusurika kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyehatarisha shingo yake, na yeye mwenyewe alikuwa na sikio la kumsikia.

Ufalme uliotoka katika ushindi huo haukuachiwa mfalme peke yake. Chama cha Mbudye, na ndani yake wale walioitwa bana balute, watu wa kumbukumbu, ndicho kilichotunza historia ya dola, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuyawekea mizani mamlaka ya watawala. Chombo chao ni lukasa: kibao cha mti chenye kiuno chembamba, kinachoshikika kwa mkono wa kushoto, usoni kimepigiliwa shanga na simbi, au kimechongwa alama. Mtunza kumbukumbu anapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, taratibu, na kila kidole kinapotua jina linatoka, au safari, au kiti cha mtemi, au mwiko. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia. Kibao hicho hicho, mbele ya wasikilizaji wengine na kwa shauri lingine, kinasomwa kwa namna nyingine. Dunia nzima ya kifalme inakaa juu ya kitu kifupi kuliko mkono wa mtu mzima. Anayedhani kwamba ukubwa wa dunia ya kubuni unategemea idadi ya kurasa na atazame picha za lukasa katika kitabu cha Mary Nooter Roberts na Allen Roberts cha mwaka 1996 kuhusu sanaa ya Waluba na kumbukumbu. Kwangu fundisho kubwa zaidi liko kwa aliyeshika kibao: katika nchi ya Kalala Ilunga kuna mtu ambaye kazi yake ni kumkumbusha mfalme ametoka wapi. Nikifungua riwaya ya fantasia, namtafuta mtu huyo. Kama hayupo, na mwandishi hakuona kwamba anakosekana, naanza kuwa na shaka.

Mwindo anaongeza jambo ambalo riwaya nyingi zinalikosa kabisa. Amezaliwa akitembea na kusema, mkononi ameshika usinga wake wa conga unaotenda maajabu. Baba yake anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anapona, anamfuatia baba hata chini ya ardhi, akimwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba: kamba ikiacha kutikisika, ajue kwamba mpwa wake amekufa. Huko chini anapewa kazi zisizowezekana, kama kupanda migomba na kuvuna ndizi siku hiyo hiyo. Mapambano yamejaa, safari ya kuzimu ipo, vichekesho vipo, yaani vyote ambavyo msomaji aliyechoka na kazi anavitaka jioni. Kisha anampata baba yake, na hamuui. Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu, na nchi inagawanywa sehemu mbili, kwa baba na kwa mwana. Mwandishi wa leo angeishia hapo. Rureke haishii hapo: Mwindo anaua joka aliyewameza watu wake, nyama yake inaliwa, na Nkuba, bwana wa radi, ambaye alikuwa amechanjiana damu na joka huyo, anamchukua shujaa juu mbinguni. Huko anateswa kwa baridi, kwa mvua, kwa mwezi na kwa jua, mwaka mzima, mpaka anajifunza kwamba ushujaa haumpi ruhusa ya kuua apendavyo. Anarudi akiwa mtawala mwenye sheria. Utendi unamwadhibu shujaa wake baada ya ushindi, tena kwa tendo ambalo sisi wasikilizaji tulikwisha kulishangilia.

Kuna wanaopinga matumizi haya ya tendi, na pingamizi lao ni zito. Wanasema: Kalala Ilunga si fantasia. Kwa Waluba ni historia ya chimbuko la dola yao, na usimulizi wake ulikuwa na miiko. Kuuweka karibu na vitabu vya kujifurahisha ni kuudharau. Wataalamu wenyewe wamebishana. Luc de Heusch, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu mfalme mlevi, aliyasoma masimulizi haya kama visasili vya mvua na ukame, upinde wa mvua na radi. Thomas Reefe, mwaka 1981, alijaribu kutenganisha ndani yake kisasili na historia ya dola. Siwezi kuumaliza ubishi huo, wala sihitaji. Sisemi kwamba utendi ni riwaya. Ninasema kwamba watu waliouamini kwa dhati waliudai ukweli kuhusu madaraka, na dai hilo tunaweza kuwapelekea waandishi wa riwaya bila kuupunguzia utendi heshima yoyote. Anayeudharau ni yule anayeona unafaa kuwekwa makumbusho tu, usiweze tena kuhukumu kitu chochote cha leo.

Sasa tupime. Ursula Le Guin anapita kwa urahisi. Katika kitabu cha kwanza cha Terremer, kilichotoka 1968, kijana Ged, mwenye ngozi ya shaba iliyoiva, anafungua mlango wa wafu kwa majivuno ya shule, mbele ya wenzake, na anayekufa kwa kuuziba ni mkuu wa shule, mzee aliyetumia nguvu zake zote usiku huo. Mwandishi anatupa deni hilo waziwazi na halisahau. Katika kitabu cha tatu, cha 1972, Ged anaupoteza uwezo wake wote, na mwaka 1990 Le Guin akarudi kuuliza maswali ambayo ushindi ulikuwa umeyaacha: anaishije mtu aliyekuwa mkubwa na sasa anafuga mbuzi, na mwanamke anayekaa naye amekuwa wapi muda wote huu? Vitabu vyake ni vifupi, jambo ambalo kwa msomaji wa bajeti ndogo si dogo.

N. K. Jemisin ndiye ningependa asomwe Lubumbashi kuliko mahali pengine popote. Trilojia yake iliyoanza mwaka 2015, ambayo juzuu yake ya kwanza inaitwa kwa Kifaransa La Cinquième Saison, ilipata tuzo ya Hugo kwa kila juzuu, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Inasimulia bara linalotikisika daima, na watu wachache wenye kipaji cha kutuliza matetemeko, ambao wanafugwa, wanafundishwa na kuuawa na wale wanaowaokoa. Kuna tukio ambalo msafiri mmoja anafika katika kituo cha kutuliza ardhi, kimoja kati ya vingi ambavyo nchi nzima inavitegemea bila kuviwaza. Anaingia chumbani na kukuta kwamba kinachotuliza ardhi ni mtoto aliyefungwa kwenye kiti, akili yake imeharibiwa makusudi ili abaki na uwezo tu, bila hiari. Kila usiku wa amani katika nchi ile umelipiwa na mwili huo. Mji uliokua kwa ajili ya shaba, wenye bomba lake refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini tunachokiita terili, hauhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, utajiri wa chini ya ardhi umewaangazia watu wa mbali, na waliouchimba tunawajua. Jemisin hakuandika kuhusu Katanga, lakini ameuliza swali la Katanga kwa ukamilifu ambao riwaya nyingi za uhalisia hazijaufikia.

Marlon James, katika Léopard noir, loup rouge, kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2019, ni mgumu zaidi kumpendekeza. Ukatili wake unachosha, na mtu akikiweka chini sitamlaumu. Lakini alipanga trilojia ambamo kila juzuu inasimuliwa na shahidi mwingine wa mambo yale yale, na juzuu ya pili, ya 2022, inampa nafasi Sogolon, mwanamke ambaye juzuu ya kwanza ilimsema vibaya. Hiyo ni lukasa ikisomwa na kidole kingine. Tomi Adeyemi, ambaye vijana wanampenda, ananipa taabu tofauti. Juzuu yake ya kwanza ya 2018 inaanza na jeraha la kweli, mama aliyeuawa kwa sababu ya uwezo aliozaliwa nao. Katika zile mbili zilizofuata, 2019 na 2024, naona kila hasara inafidiwa upesi mno kwa nguvu mpya, na mwendo unakuwa wa kasi kiasi kwamba wafu hawapati muda wa kuliliwa. Kwa msomaji wa miaka 14 ni mlango mzuri. Kwa mteuzi, juzuu ya kwanza inatosha.

Wengine watasema kwamba kipimo hiki ni cha kijijini: mtu anafungua fantasia ili atoke nyumbani, nawe unamrudisha kwa Nkongolo. Ingekuwa hivyo kama kingewapitisha Waafrika na kuwakataa wengine. Sivyo kinavyofanya. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892 na kulelewa Uingereza, anapita, kwa sababu shujaa wake Frodo anarudi kijijini kwake akiwa na jeraha lisilopona na hawezi tena kuishi katika amani aliyowaletea wenzake. Martin naye anajua vizuri sana nani analipa vita vya wakubwa. Kwake wakulima wanachomewa mashamba na majeshi ya pande zote. Tatizo lake ni kwamba tangu 2011 wasomaji wanasubiri kitabu cha sita, na mteuzi ana haki ya kudai mwisho. Deni ambalo halijafika siku ya kulipwa hatuwezi kujua kama lilikuwa la kweli. Kwa sababu hiyo nashauri mtu asianze mfululizo ambao haujakamilika, labda kila juzuu iwe inasimama yenyewe.

Kuna pia Mfaransa ambaye wasomaji wa Kongo wangemfaidi bila kupitia mkato wa mfasiri wala wa mchapishaji. Gagner la guerre ya Jean-Philippe Jaworski, ya mwaka 2009, inaanza pale ambapo riwaya nyingi za aina hii zinamalizia: adui ameshashindwa katika vita vya baharini, meli zinarudi nyumbani, na msimulizi, muuaji wa kukodiwa anayemtumikia mwanasiasa mkubwa, anatuonyesha jinsi washindi wanavyogawana ushindi. Ni kitabu kimoja kinene, kimekamilika, na uchafu wa madaraka umo ndani yake bila kupakwa marashi.

Linabaki suala la kuvipata. Ninakubali kwamba kipimo kizuri hakimletei mtu kitabu mezani, na kwamba wengi wanasoma kwenye simu, faili zikipita mkono kwa mkono. Lakini hapo ndipo kuchagua kunapokuwa na faida, kwani vitabu vinavyopita mtihani huu mara nyingi ni vyembamba, vya zamani, na vilikwisha kuchapwa kwa wingi. Soundjata ya Djibril Tamsir Niane, iliyochapishwa na Présence Africaine mwaka 1960, inasomeka kwa mwisho wa juma mmoja. Mofolo, Msotho aliyechapisha Chaka mwaka 1925, anapatikana kwa Kifaransa tangu 1940, na sijui riwaya ya fantasia inayoshika bei ya nguvu kwa mkono mkali kuliko huo: mganga Isanusi anampa Chaka kila anachokitaka, na kila mara anamtajia bei kabla ya kumpa, mpaka bei inakuwa damu ya mwanamke anayempenda. Anayetaka Kiswahili ana Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, nchi inayoelea hewani ambamo Karama anasimama kizimbani na kuwataja wajumbe waliotumwa kuitafutia nchi faida, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Ana pia Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, ya 2002, kwa yule asiyeogopa kupotezwa njia kidogo. Mwenye fedha ya kitabu kimoja tu mwaka huu, ningempa Chaka kwanza, kisha Jemisin akipata cha pili, na ningemwomba avisome kwa mpangilio huo, kwa sababu baada ya Isanusi hatashangaa sana atakapoingia kwenye kile chumba chenye kiti.